Upepo wa Ziwa na Mashindano ya Mashua Ndogo

Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Kisii na Nyamira



Mtu asimamaye kwenye ukingo wa Manga siku isiyo na ukungu huweza kuona, mbali upande wa machweo, mng'ao wa maji ya Ziwa Victoria. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko kwenye kimo cha mita 1,134. Tofauti hiyo si kubwa, lakini katika mawazo ya watu wengi wa milimani imekuwa kama ukuta. Husemwa kwamba mlima ni wa mkulima na ziwa ni la mvuvi, na ya kuwa habari za mashua hazimhusu mtu mwenye migomba na majani ya chai. Kusudi la mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba mchezo mmoja wa majini, yaani mashindano ya mashua ndogo za tanga, una mafunzo yawezayo kuokoa roho za watu wa Kisii na Nyamira.

Kwanza ikumbukwe kwamba wazee wa Abagusii husimulia jinsi mababu zao walivyokaa kando ya Ghuba ya Winam, karibu na mahali palipo mji wa Kisumu sasa na katika nyanda za Kano, kabla ya kuhamia milimani. Hata baada ya kuhama, njia ya ziwani haikumea majani. Nafaka ya milimani ilishuka, na vyungu na mifugo ya watu wa pwani ya ziwa ikapanda. Leo ndizi za Kisii huuzwa Kendu Bay na Homa Bay, na omena huuzwa katika soko la Daraja Mbili. Basi wapo wana wa milimani wengi wanaopanda mashua, kwa biashara, kwa kibarua au kwa safari, na wengi wao hawajui kuogelea.

Pili, na jambo hili halijulikani na wengi, upepo unaojaza tanga la mvuvi mchana ndio huo huo uletao mvua Kisii na Nyamira. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na hewa ya ziwani huvuma kuja kushika mahali pake. Alasiri hewa hiyo yenye unyevu hupanda vilima vya Gusii, ikakutana na pepo zitokazo mashariki, ikainuliwa, ikapoa, ikawa mawingu mazito. Ndiyo asili ya radi za saa tisa na saa kumi, na ya mvua ya mawe ichanayo majani ya chai huko Nyamira. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, hewa baridi hushuka kuelekea ziwani, na dhoruba huzaliwa juu ya maji kati ya usiku na alfajiri. Kwa sababu hiyo mvuvi wa omena, afanyaye kazi kwa taa gizani, hukutana na tufani saa ile mkulima amelala usingizi.

Wavuvi wa ziwa waliijua kanuni hii kabla haijaandikwa kitabuni. Walitweka tanga usiku au alfajiri, wakachukuliwa na upepo wa nchi kavu mpaka kilindini. Kisha wakangoja upepo wa ziwa uwarudishe nyumbani mchana. Siku hizi injini zimeenea, lakini mashua zenye tanga la pembe tatu hazijatoweka.

Mahali popote ambapo watu wana matanga, hawakosi kushindana. Huko Lamu mashindano ya mashua ni fahari ya mji na vijiji vyake. Hufanywa siku ya Mwaka Mpya, na tena wakati wa sherehe za utamaduni, pamoja na mashindano ya kuogelea na ya punda. Mashua hutoka Shela, Matondoni na kwingineko, na mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshi, ili uzito wao uizuie mashua isilale. Mashua ikishinda, husifiwa nahodha, husifiwa fundi aliyeijenga, na kijiji kizima hulala kwa furaha.

Katika nchi za baridi mchezo huu una sura nyingine. Uingereza ina vyama vingi vidogo vya mashua, na vingi havina bahari. Vina bwawa la maji ya mji au ziwa dogo tu. Wakati wa baridi kali, kati ya Desemba na Machi, wanachama hukutana kila Jumapili asubuhi. Pengine kamba zimekauka kwa barafu na vidole vimekufa ganzi, lakini mashindano hufanywa. Marekani vilevile watu walianza mchezo huo wa baridi huko Long Island, karibu na New York, mwanzoni mwa mwaka 1932. Huenda mtu akauliza: Wana wazimu gani? Jibu ni kwamba ustadi usiotumiwa huota kutu. Upepo wa majira hayo ni mkali na wa kigeugeu, na mwenye kuuweza huo huuweza wowote. Tena ushindi hauhesabiwi kwa siku moja. Alama hujumlishwa kwa majuma mengi, hata mwisho mshindi huwa ni yule aliyekuja kila Jumapili, wala si yule aliyeng'aa mara moja.

Sasa yafaa kueleza mashindano yenyewe. Mashua ni ndogo, za mtu mmoja au wawili. Maboya hutiwa majini, na mstari wa kuanzia huwekwa kati ya boya moja na mahali asimamapo msimamizi. Zikibaki dakika tano bendera hupandishwa na king'ora hulia. Zikibaki dakika nne huja ishara ya pili. Ikibaki moja, ya tatu. Kisha ishara ya kuondoka. Avukaye mstari kabla ya wakati hana budi kurudi na kuanza upya. Boya la kwanza huwekwa upande utokako upepo. Kwa kuwa hakuna mashua iwezayo kwenda moja kwa moja kuukabili upepo, nahodha hubisha, yaani huenda mshazari kulia, kisha mshazari kushoto, kama mtu apandaye kilima cha Kisii kwa njia ya kupindapinda.

Mashua hukaribiana sana, hata kugongana kungekuwa rahisi kama kusingekuwa na sheria. Mashua inayopata upepo kwa upande wa kulia hupishwa na ile inayoupata kwa upande wa kushoto. Zikiwa mbili zinapata upepo upande mmoja, ile iliyo joshini huipisha ile iliyo demani. Inayotaka kupita hujitenga na inayopitwa. Lakini jambo la ajabu kuliko yote ni hili: kwa kawaida hakuna mwamuzi majini. Aliyekosa hujihukumu mwenyewe papo hapo, kwa kuizungusha mashua yake mara mbili kabla ya kuendelea, nayo hupoteza muda mwingi kwa kufanya hivyo. Mchezo mzima umejengwa juu ya uaminifu wa mtu ambaye huenda hakuonwa na yeyote.

Kadhalika iko njia ya kupatanisha wakubwa na wadogo. Mashua za aina mbalimbali hushindana pamoja, na kila aina imepewa nambari kwa kadiri ya mwendo wake; nambari kubwa ni ya mashua nzito. Muda uliotumika kwa sekunde huzidishwa kwa 1,000, kisha hugawanywa kwa nambari hiyo. Chukua mfano: mashua yenye nambari 1,000 inamaliza kwa dakika 51, yaani sekunde 3,060. Hesabu yake ni 3,060. Mashua nzito yenye nambari 1,100 inamaliza kwa dakika 55, yaani sekunde 3,300. Hesabu yake ni 3,000. Basi aliyefika nyuma kwa dakika nne ndiye aliyeshinda, kwa maana alikitumia vizuri zaidi kile alichokuwa nacho.

Huenda mtu akasema kwamba huu ni mchezo wa matajiri. Ni kweli kwamba zamani za ukoloni vyama vya mashua katika Kenya vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika kwa kawaida alifika huko kwa kazi ya utumishi tu. Hata mabaharia walioiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya 1960, ambayo mashindano yake ya matanga yalifanywa Naples, walikuwa Wazungu. Lakini tanga lenyewe halikuletwa na Wazungu. Mwambao ulikuwa na matanga karne nyingi kabla yao. Wala mashua si lazima iwe ya gharama kubwa. Mwaka 1947 huko Florida, Marekani, Clark Mills alichora mashua ya watoto iitwayo Optimist, yenye urefu wa mita 2.3, iwezayo kujengwa kwa mbao nyembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gazeti la Daily Mirror la London lilisaidia kueneza mashua ambayo mtu wa kawaida aliweza kuijenga nyumbani, kwa kushona mbao zake kwa waya na kuziba maungio kwa gundi. Fundi seremala wa Keroka au Ogembo hashindwi na kazi ya namna hiyo.

Kinachopungua ni maji safi kuliko fedha. Bwawa la Nairobi, lililojengwa katika miaka ya 1950, lilikuwa na chama cha mashua kwa miaka mingi, mpaka magugu na takataka za mji zilipolifunika. Katika Ghuba ya Winam, gugu maji limekuwa likifunga bandari za Kisumu na Kendu Bay mara kwa mara tangu miaka ya 1990. Gugu hilo hushiba mbolea na udongo unaochukuliwa na mito. Na mito hiyo hutoka wapi? Matawi ya Mto Sondu hutoka milimani. Mkulima wa Nyamira asiyekinga shamba lake kwa matuta hupoteza udongo wake, kisha humfungia mvuvi njia.

Lakini neno kubwa kuliko yote ni uhai. Katika kitabu cha sheria za mashindano ya matanga, sheria ya kwanza haisemi habari za kushinda. Yasema kwamba kila mashua na kila mshindani atatoa msaada wote awezao kumpa mtu aliye hatarini. Anayeacha mashindano ili kumwokoa mwenzake huweza kurudishiwa alama alizopoteza. Tena vyama vya baridi, ambavyo maji yao huweza kumwondolea mtu nguvu za mikono kwa dakika chache, vina desturi zisizovunjwa: kila mtu huvaa koti la kuelea, mashua ya uokoaji huwa tayari, na isipokuwapo hakuna mashindano, na mashua zilizotoka huhesabiwa, kisha zilizorudi huhesabiwa tena.

Linganisha hayo na safari za ziwani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu kwa mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho pia kilikuwa kimejaza mno. Watu zaidi ya 200 wakafa. Hizo ni habari zilizofika magazetini. Mashua ndogo zizamazo usiku zikiwa na watu watatu au wanne, habari zake huishia kwenye matanga ya jamaa, na neno matanga hapo si la kitambaa cha mlingoti.

Maji ya Ziwa Victoria si baridi kama ya Ulaya, kwa hiyo mtu aliye na kitu cha kumwelesha aweza kungojea msaada saa nyingi. Yampasa kila aendaye ziwani, awe mchuuzi wa ndizi, kibarua au mwanafunzi anayekwenda Mfangano kuwaamkia jamaa, kushika mambo haya. Asipande mashua isiyo na makoti ya kuelea, na akilipewa alivae, asilikalie. Ahesabu watu, na akiona ukingo wa mashua umekaribia maji, ashuke, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Ayatazame mawingu, wala asione haya kumwambia nahodha angoje. Na mashua ikipinduka, aishike wala asiiache. Mashua ya mbao huelea hata ikijaa maji, na mwokoaji huiona mapema kuliko kichwa cha mtu mmoja kati ya mawimbi.

Wazazi na walimu nao wana sehemu yao. Mtoto wa milimani afundishwe kuogelea mahali palipo salama, chini ya macho ya mtu ajuaye, maana hata mto wa nyumbani hufurika. Na vijana wenye moyo wa mchezo wakishirikiana na wenzao wa Homa Bay au Kendu Bay, wakapata mashua mbili tatu, maboya machache na kitabu cha sheria, watakuwa wameanza jambo lenye faida kuliko kikombe cha ushindi. Watajifunza kusoma upepo, kuhesabu wenzao, kukiri kosa lisiloonwa, na kuacha ushindi ili kumwokoa mtu. Upepo wa ziwa hupanda Kisii na Nyamira kila alasiri bila kuitwa. Yafaa watu wake waujue, kabla hawajashuka kukutana nao majini.