Kabla ya X nyekundu ukutani, vijana jihesabuni wenyewe

(Hii ni mada ambayo mwandishi aliitoa mbele ya vijana wenzake mjini Dodoma. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wote.)



Nimeombwa nizungumzie makazi. Najua wengi wenu mkisikia neno hilo mnaona ni habari ya wazee wenye nyumba, wenye hati na wenye kesi za mipaka. Wewe kijana uliyepanga chumba kimoja Chang'ombe, Chadulu au Nkuhungu, mwenye godoro, redio na jiko la mkaa, unasema: "Hayo hayanihusu, mimi mpita njia tu."

Nakuambia yanakuhusu kuliko baba mwenye nyumba wako. Yeye nyumba yake ikipigwa X nyekundu, iko sheria inayomtaja. Wewe utasimama barabarani na godoro lako kichwani, na hakuna karatasi hata moja yenye jina lako. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, na jinsi ya kulizuia.

BWANA MMOJA WA MJI MZIMA

Tukumbushane tulikotoka. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile iliyojulikana kwa kila mtu hapa kama CDA. Ilisemwa kazi ya kuhama itachukua miaka kumi. Ikapita kumi, ikapita ishirini, ikapita arobaini. Serikali ilikuja kufunga mizigo kwelikweli baada ya Rais John Magufuli kutangaza hivyo Julai 2016.

Lakini katika miaka yote hiyo ambayo wakubwa waliendelea kupunga upepo wa bahari Dar es Salaam, ardhi ya Dodoma ilikuwa tayari na bwana mmoja. CDA ndiyo iliyopanga mji, ndiyo iliyogawa viwanja, ndiyo iliyotoa vibali vya kujenga, na ndiyo iliyoleta tingatinga kwa aliyejenga bila kibali. Mwananchi alikuwa mpangaji wake. Hati aliyopewa ilikuwa ya miaka 33, wakati mwenzake wa miji mingine alipewa ya miaka 99. Ukiwa na malalamiko, ulikwenda kumlalamikia yule yule aliyekubomolea.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli alitia saini CDA ivunjwe. Kazi zake zikahamishiwa Manispaa, na ikaagizwa hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tujiulize bila jazba: nani alinufaika siku ile? Ni mwenye hati. Yule ambaye mtaa wake haukuwa umepimwa hakuwa na cha kubadilisha. Aliamka kesho yake akiwa vile vile alivyolala, ila ofisi ya kwenda kupanga foleni ndiyo iliyobadilika.

Na tangu hapo mji haukumsubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Wizara zimekuja, Mji wa Serikali umeota Mtumba, reli ya kisasa imefika, uwanja wa ndege umewekwa Msalato, na barabara ya mzunguko wa nje ina zaidi ya kilomita 110. Mtumba, Ihumwa na Nzuguni vilikuwa vijiji. Mgogo aliyelima uwele na kuchunga ng'ombe pale ameambiwa kwamba yuko mjini, na shamba lake sasa linaitwa kitalu.

Sipingi maendeleo, na hapa hakuna mwenye akili anayeyapinga. Ninachouliza ni nani anayalipia na nani anayafaidi.

SHERIA IPO, TUISOME

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Wapambe hupenda tuishie hapo. Tusiishie hapo. Sheria hiyo hiyo inasema maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani, na anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka.

Kanuni za fidia za 2001 zikaorodhesha vya kulipwa: thamani ya ardhi na majengo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya malazi ambayo ni kodi ya miezi 36, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na faida ya biashara iliyopotea, nayo kwa miezi 36. Sheria ya Uthamini ya 2016 ikaongeza kwamba fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, inadaiwa riba. Ikipita miaka miwili, uthamini ule umekufa na lazima urudiwe kwa bei mpya.

Wangapi kati yenu mlikuwa mnayajua haya? Wangapi wameona jirani akipokea fidia ya uthamini wa zamani na kusema ahsante?

Sasa angalieni mahali kijana anapoachwa. Hiyo posho ya malazi inakadiriwa kwa kodi ya nyumba ile. Kodi unailipa wewe, tena miezi sita mbele, lakini posho inakwenda kwa mwenye nyumba. Genge lako, saluni yako, fremu yako ya kuchomelea, vyote vingeweza kudai faida iliyopotea, lakini mthamini anataka hesabu, na hesabu zako ziko kichwani. Mkataba wa kupanga ulikuwa wa mdomo. Kwa mthamini wewe hukuwahi kuishi pale.

Iko njia ya pili ya kuondolewa, nayo haina tingatinga. Mtaa unarasimishwa, unapimwa, barabara inapita, maji yanakuja. Ni jambo jema tulilolililia. Mwezi unaofuata kodi inapanda mara mbili, na wewe unafungasha kwenda Ntyuka au mbali zaidi, kutafuta chumba kingine kisichopimwa. Umeuchimbia mtaa mitaro, anahamia mwingine.

WA KURASINI WALIFANYAJE

Msiniambie haiwezekani. Kule Kurasini, Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya 2000, upanuzi wa bandari uliwakuta wakazi maskini, wengi wao wapangaji. Waliokuwa katika vikundi vya kuweka akiba, wakisaidiwa na asasi ya CCI, hawakungoja kutupiwa vyombo nje. Walikuwa wamejihesabu na kuweka akiba, na wakaweza kuingia ofisini kama umati wenye orodha mkononi. Zaidi ya wanachama 300 wakanunua ekari 30 kule Chamazi, pembezoni mwa Temeke. Wakajifunza kufyatua matofali wenyewe, wakajenga nyumba moja moja, na wakazungumza na serikali ili viwanja vidogo kuliko vya kawaida vikubaliwe.

Si hadithi ya asali tupu. Chamazi ni mbali na mji, na waliozoea vibarua vya bandarini waliumia kwa nauli. Marejesho ya mikopo yalisuasua, ujenzi ukaenda kwa mwendo wa kinyonga. Na Kurasini hawakuiokoa. Lakini mpangaji ambaye kanuni za fidia hazikumwona alipata mahali pa kuweka godoro lake. Tofauti yake na wewe ni daftari tu.

TUFANYE NINI

Kwanza, tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Kila mtaa usiopimwa uwe na daftari: nyumba hii ya nani, imejengwa lini, wapangaji ni nani, wanafanya kazi gani, biashara gani iko barazani. Kila jina la mpangaji liandikwe. Daftari liwe na nakala tatu, zikae kwa watu watatu tofauti, maana tunajua yaliyotokea pale kiwanja kimoja kilipouzwa kwa watu wawili na kumbukumbu zikapotea.

Pili, dai mkataba wa maandishi na risiti ya kodi. Ukurasa mmoja wa daftari la shule wenye saini mbili na shahidi ni bora kuliko kiapo. Mwenye genge, andika mauzo yako kila jioni.

Tatu, twende kwenye mikutano ya mtaa. Vijana tunajaa vijiweni kujadili mpira, mkutano wa mtaa tunawaachia wazee kumi na mwenyekiti. Twende tudai ramani ya mipango ibandikwe ofisini ionekane. Tudai kampuni ya urasimishaji ilipwe kwa hatua, kazi kwanza, kwa sababu ziko zilizokula fedha za wananchi na kuacha kazi njiani, mpaka mawaziri wa ardhi wakalalamika hadharani. Na kabla mtaa haujapimwa, tukubaliane na wenye nyumba, mbele ya mkutano, kodi isipandishwe kiholela kwa muda fulani. Wao wanahitaji nguvu zetu kuchimba mitaro na kupinga fidia haba. Hiyo ndiyo karata yetu.

Nne, akiba. Kijiwe kinachoweza kucheza mchezo wa kupokezana kila wiki kinaweza kuweka shilingi mia tano tano za ardhi.

Mtu ataniuliza: daftari litazuia tingatinga? Halitalizuia, kijana mwenzangu. Lakini litamlazimisha anayelituma ajibu maswali ya watu wenye majina, idadi na tarehe, na watu wa namna hiyo hawaondolewi kwa danganya toto. Nunueni daftari wiki hii. Anzeni na nyumba mnayolala.