Tuhesabiwe, na viwanja vyetu viandikwe: maneno kwa vijana wa Kasongo na Kabambare



Mimi ni mutoto wa Kabambare. Leo nasema kama mukaaji wa Kasongo, sababu ni hapa ndipo nalipa nyumba. Ningeomba wanyooshe mukono wale ambao mwaka 2016 walikuwa tayari wanalala katika muji huu. … Asante. Munaona wenyewe, mikono haifiki nusu.

Ya Salamabila munaijua. Mwaka 2017 vita kati ya Mai-Mai Malaika na jeshi ikafika pale kwenye zahabu, na vijiji vikatoka barabarani na mafurushi kichwani. Siye tulitembea siku nne. Hapa Kasongo tukalala katika darasa la shule ya msingi, familia sita, tukitenganishwa na mapazia ya vitenge. Asubuhi tulitoka ili watoto wasome, jioni tukarudi. Wenyeji wa Kasongo walitupa sombe na mupunga bila kuuliza kabila. Hiyo lazima niseme mbele ya yote, juu nikianza kulalamika wasifikiri nalalamikia wao.

Tulifikiri ni wiki mbili.

Sasa sikieni jinsi wiki mbili inavyogeuka kuwa miaka. Kule mugini ulikuwa na shamba la muhogo. Muhogo unataka mwaka, hata mwaka na nusu, ndani ya udongo. Ukikimbia wakati wa kuvuna, umepoteza mwaka. Ukirudi kupanda na kukimbia tena, umepoteza wa pili. Mara ya tatu hurudi tena, unamutuma mudogo wako akaangalie, naye anakuambia majani yamefika kwenye dirisha. Hapa muji hauna shamba, una chumba cha kulipia. Kwa hiyo mama anauza makala, baba anafanya kibarua, kijana anasukuma kinga. Na yule asiyepata kibarua anarudi Salamabila, hakwendi kulima tena, anaenda kuchimba. Munajua kampuni ya Banro ilisimamisha kazi pale Namoya mwezi wa Septemba 2019. Kampuni ilisimama, lakini watu hawakusimama. Vijana wanalala chini ya bashi juu ya kilima, na makuta wanayopata wanatuma Kasongo kujenga. Ndiyo sababu ukipita kando ya muji unaona nyumba za matofali mabichi zinaota kama uyoga kisha mvua, na hakuna barabara iliyopimwa katikati yake. Siku mutu akiungua usiku kule, gari lipite wapi?

Mama yangu alinunua parseli mwaka 2018. Alilipa kwa vipande, akapewa fishi yenye muhuri, mashahidi wawili wakatia sahihi, tukakunywa hata soda. Tukajenga vyumba viwili. Mwaka 2021 akaja bwana mumoja na sertifika ya kuandikishwa, kiwanja ni kilekile. Sertifika ilikuwa imetolewa miaka zaidi ya mbili mbele. Hapo ndipo nilianza kusoma sheria, wandugu, na ningependa muisome mbele ya kununua, si kisha kama mimi.

Sheria ya ardhi ni ya tarehe 20 Julai 1973. Inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Mutu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Fishi ya kartie inaonyesha kwamba uko pale, haionyeshi kwamba pale ni pako. Na tena: sertifika ikimaliza miaka miwili, kwa kawaida haiwezi kupinduliwa. Unaweza kushitaki yule aliyekudanganya ili akulipe, lakini kiwanja kimeenda. Aliyetuuzia alikuwa amekwisha kuhama. Mama yangu sasa anapanga katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Sisemi majina, na hata nyinyi musiyatafute. Nasema juu ya mulango uliomuruhusu, juu ule mulango ungali wazi usiku huu.

Na kule mugini? Sheria hiyohiyo iliahidi kwamba haki za watu juu ya ardhi za mababu zitapangwa na ordonansi ya Raisi wa Jamhuri. Miaka kumi ikapita, ishirini, arobaini, ordonansi haikutoka. Maana yake mutu wa Kabambare anayekimbia anaacha nyuma shamba ambalo karatasi haliijui, anafika katika muji anaopewa karatasi isiyo na nguvu. Pande zote mbili anasimama juu ya maneno ya mudomo.

Wengine wananiambia: suluhisho ni warudi kwao, Kasongo imejaa. Ndugu yangu, muji huu umekuwa wa wahamiaji tangu zamani. Kiswahili hiki ninachosema kililetwa na misafara. Pale Tongoni palikuwa Kasongo ya Tippu Tip, muji mukubwa wenye mashamba ya mupunga, mpaka jeshi la Leopold chini ya Dhanis lilipouteka Aprili 1893. Leo muji uko mahali pengine. Hata jina lenyewe munalisikia: tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama. Kwa hiyo mutu asituambie kwamba kuhama ni kitu kipya au ni kosa la wa Kabambare. Anayetaka kurudi, barabara na usalama vimurudishe. Anayebaki, apimiwe kiwanja.

Lakini utapima viwanja vya watu wangapi? Hapa ndipo nakasirika kabisa. Hesabu ya mwisho ya watu katika inchi hii ilifanywa Julai 1984. Tulikuwa milioni 30 na kitu. Leo makadirio yanapita milioni 100. Kati ya sisi hapa, ni nani alikuwa amezaliwa 1984? Mimi hapana. Inchi nzima ya vijana haijapata hata siku moja kuulizwa: weye jina gani, unalala wapi, nyumbani muko wangapi? Wanatukadiria tu. Wanachukua ile hesabu ya wazee wetu na kuizidisha, na mashine haijui kwamba kijiji fulani kimebaki na mbuzi na kartie fulani imeongezeka mara mbili.

Kinachohesabiwa ni wapigakura. Na viti vya wabunge vinagawanywa kwa kufuata walioandikishwa na CENI. Basi tulipoandikishwa kwa uchaguzi wa Desemba 2023, kila mutu wa Kabambare aliyejiandikisha Kasongo aliiongezea Kasongo na kuipunguzia Kabambare. Si kosa, ulijiandikisha pale ulipokuwa. Ila muelewe kwamba kuhama kwenu kuna uzito mezani Kinshasa, na hakuna aliyewaambia.

Tunaomba nini? Kwa wakubwa wa muji: musimamishe kuuza parseli mupya mpaka kadastri ipime, na orodha ya viwanja vilivyopimwa ibandikwe ukutani, mutu aisome bila kulipa. Kwa sekta na sheferi za Kabambare: sheria ya madini ya Machi 2018 inazipa asilimia 15 ya malipo ya madini yanayotoka kwao. Zitangaze zilipokea ngapi na zilijenga nini. Kama hazikupokea kitu, zitangaze hiyo vilevile.

Na sisi wenyewe tusingoje. Jumamosi saa tatu ya asubuhi tunakutana hapa hapa. Kila mutu alete fishi yake na kopi moja. Wasio na makuta ya kopi waje tu, tutaandika kwa mukono: jina la kartie, mwaka wa kununua, nani majirani wa pande ine. Tukimaliza tunaenda wote, polepole, bila mawe, kwa konservatere, kuuliza kiwanja kimoja kimoja kama kuna sertifika ya mutu mwingine juu yake. Wale ambao miaka miwili haijatimia, nyinyi ndio mutangulie kwenye mustari.