Nani Aliyetiwa Mafuta?



Katika jubilii hii ya miaka 25, tumeona tuseme wazi jambo lililotusumbua mazoezini tangu mwaka jana. Baadhi yetu walishikilia kwamba asiyetiwa mafuta asiongoze wimbo. Wengine wakajibu kwamba sote ni makuhani, hivyo mwalimu wa kwaya asimrekebishe mtu. Kila upande ulikuja na aya zake, na sauti ya tatu nusura ihame yote.

Basi tulikaa na Biblia Jumamosi mbili. Katika Kutoka 29, Musa anaagizwa kummiminia Haruni mafuta kichwani. Wanawe wanavikwa kanzu, mishipi na kofia. Sura ya 40 inaagiza wana nao watiwe mafuta kama baba yao. Kisha Walawi 21 inamtambua kuhani mkuu kwa kumiminiwa mafuta kichwani, kana kwamba nduguze hawakuyapata. Tulipofika hapo, mzee mmoja wa sauti ya nne alivua miwani akaomba chai.

Walawi 8 ndiyo iliyotusaidia. Mstari wa 12 mafuta yanamiminwa juu ya kichwa cha Haruni. Mstari wa 30 mafuta na damu vinanyunyizwa juu yake na juu ya wanawe, pamoja na mavazi yao. Wote waliguswa na mafuta, ila si kwa namna moja. Lile neno “kama” la sura ya 40 bado linatubana kidogo, na hatutaki kulilainisha kwa nguvu.

Na waimbaji je? Walikuwa Walawi. Hesabu 8 inasema walinyunyiziwa maji, wakanyoa mwili, wakafua nguo, wakawekewa mikono. Mafuta hayatajwi. 1 Nyakati 25 inawahesabu waimbaji 288, waliofundishwa na kuwekwa chini ya baba zao, Asafu, Yeduthuni na Hemani, wakapangiwa zamu kwa kura, mwalimu na mwanafunzi sawasawa. Hapo pia hakuna mafuta, lakini kuna mwalimu!

Ni kweli Petro anawaita waumini ukuhani wa kifalme, na Yohana anasema wamepakwa mafuta na Mtakatifu. Lakini Kora naye alisema kusanyiko lote ni takatifu, na maneno hayo yanakaribiana sana na ahadi ya Kutoka 19. Kosa halikuwa katika maneno hayo. Kora alikuwa Mlawi mwenye huduma yake tayari, akautaka na ukuhani. Nchi ikammeza.

Hata hivyo Hesabu 26 inaongeza kwamba wanawe hawakufa. Hemani mwimbaji alitoka ukoo huo, na zaburi kadhaa zina jina la wana wa Kora, mojawapo ile ya 84, ambayo mwimbaji wake anaridhika kusimama mlangoni pa nyumba ya Mungu. Hapo mazoezini palinyamaza kwa muda.

Tulikubaliana zamu za kuongoza zipigiwe kura, na mwalimu aendelee kurekebisha kila mtu. Wimbo wa kwanza leo umemwangukia binti wa sauti ya pili aliyejiunga nasi Januari. Mkimsikia akitetemeka, mpokeeni kwenye kiitikio.