Mtoto Anapoondoka Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanachama na wageni siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)

 

Kamati ya sherehe imeniomba niseme machache juu ya uchungu wa mzazi pale mtoto anapoondoka nyumbani. Nadhani wamenichagua kwa sababu ya umri, maana wangu wote watano wameshaondoka.

Leo tumesomewa taarifa ya hisa na marejesho, tukapiga makofi. Lakini Mweka Hazina wetu anajua kwamba mikopo mingi katika daftari lake ilikuwa ya kuwasafirisha watoto. Ada, godoro, ndoo, sanduku la chuma, jembe na fyekeo la kwenda nalo kidato cha tano, nauli ya basi. Tunakopa kwa furaha, tunarejesha kwa jasho, na siku basi linapotoka stendi tunalia. Halafu tunaona haya kulia, maana watu watasema: si ulikuwa unamwomba Mungu afaulu?

Jamani, machozi hayo si upungufu wa imani. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na Mungu naye anaujua. Tuwatazame kina mama watatu.

Wa kwanza ni Hana. Habari zake zimo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 1 na ya 2. Alikaa miaka bila mtoto, akaomba, akampata Samweli. Alipomwachisha ziwa akampeleka Shilo, akamwacha kwa kuhani Eli. Hapo tunapahubiri sana. Tusipopahubiri ni kwamba nyumba ile haikuwa na usalama. Wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa waovu: walinyang'anya watu nyama ya sadaka, na walizini na wanawake palepale mlangoni pa hema. Humo ndimo Hana alimomwacha mtoto mdogo. Basi mama unayekesha ukiwaza mwanao analala bweni gani na jirani yake ni nani, Hana alikutangulia. Tumaini lake hakuliweka kwa Eli, aliliweka kwa Mungu aliyempa mtoto.

Wala hakukaa bure. Kila mwaka alimtengenezea Samweli kanzu ndogo akampelekea. Hebu fikirieni, nyinyi mafundi cherehani. Mtoto hujamwona mwaka mzima, huna kipimo, lazima ukisie amerefuka kiasi gani. Mama anakata nguo akiamini kwamba huko aliko, mtoto anakua. Mimi hiyo ndiyo naiita imani.

Wa pili ni mama yake Musa. Wakristo tunamsoma katika Kutoka, sura ya 2. Ndugu zetu Waislamu wanamsoma katika Sura ya 28, Al-Qasas. Farao anaua watoto wa kiume, na mama analazimika kumtoa mwanawe mikononi, amwachie mto. Vitabu vyote viwili vinasema dada yake Musa alikuwa akiangalia kwa mbali mtoto anaelekea wapi. Mama alimwachia Mungu, na bado palikuwa na jicho la nyumbani. Na mwisho mtoto alirudi kunyonya kwa mama yake.

Kwa hiyo binti akiitwa kazi za ndani mjini au Uarabuni, kumtumaini Mungu si kufumba macho. Uliza anayemchukua ni nani. Soma mkataba, au tafuta wa kukusomea. Baki na nakala ya pasi yake na namba ya simu ya ubalozi wetu kule. Maswali hayo hayapunguzi imani hata chembe.

Wa tatu ni Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, nchi ambayo leo ni Algeria. Huyu nawaletea wale ambao mtoto hakuaga. Mnajijua, na sisi tunawajua, hatuwacheki. Mwaka 383 Augustino alitaka kwenda Roma. Mama alimshika, hataki aende. Kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, na usiku, mama akiwa kanisani anasali, akapanda meli akaondoka Karthago. Sala yake ya usiku ule ilikuwa mtoto asisafiri, na asubuhi mtoto hayupo! Lakini huko huko Italia ndiko Augustino alikoijua njia. Alibatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387, na mama yake aliishuhudia siku hiyo. Alifariki mwaka huohuo. Mungu alikuwa ameikataa sala ndogo ili aijibu ile kubwa.

Sisemi kila mtoto atarudi upesi. Monika alisali miaka. Nasema tusimfungie mlango, na jina lake lisiache kutajwa katika sala za jioni.

Sasa nina ombi kwa kikundi. Kitinda mimba wangu alipoondoka, kwa wiki nzima niliendelea kupima unga wa watu watatu, na tumebaki wawili, mimi na mzee. Ugali unalala. Jumamosi wakaja wanachama wawili na kilo mbili za mchele. Hawakuhubiri. Tulipika, tukala, wakaniuliza habari za mtoto, nikalia, tukaomba pamoja. Nilipona siku ile.

Mfuko wetu wa jamii unakwenda kwenye misiba na kwa waliojifungua, na ni vizuri. Mama aliyebaki na kitanda kitupu, hatumwendei. Tuanze. Na shuleni ambako simu haziruhusiwi, tuwaandikie watoto barua. Tusiwajazie machozi yetu. Tuwaambie nyumbani tu wazima, na tunawaombea.

Mungu awalinde watoto wetu wote, walio karibu na walio mbali, walioaga na wasioaga. Na kikundi chetu akijalie miaka kumi mingine.