Kamera za Ulinzi Pasipo Njia ya Kupita Juu ya Dari

Maelezo yaliyotolewa na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri mbele ya waheshimiwa madiwani, waganga wafawidhi, walimu wakuu na watendaji wa kata



Asubuhi moja ya masika, muuguzi wa zamu katika zahanati mojawapo ya vijijini alifungua chumba cha chanjo akakuta jokofu limezimika. Betri za umeme wa jua zilikuwa zimeibwa usiku. Jengo hilo lilikuwa na kamera mbili za nje, na kila aliyefika aliamini kwamba mwizi angejulikana kabla ya saa sita mchana. Kilichoonekana kwenye kioo ni giza tupu. Kamera ya upande wa nyuma ilikuwa imekufa wiki mbili kabla, wala hapakuwa na mtu aliyegundua. Mlinzi, ambaye baadaye alithibitika kuwa hana hatia, alilala siku mbili katika mahabusu ya polisi. Chanjo zilihamishiwa kituo kingine, na akina mama waliofika na watoto wao mgongoni walirudi nyumbani bila huduma.

Fundi alipoitwa, alibaini chanzo kidogo mno. Tundu la kuingizia waya lilikuwa limetobolewa likiinama kuelekea ndani, kisha likaachwa wazi. Maji ya mvua yalifuata waya, yakapenya ukutani, yakashukia kwenye kisanduku cha umeme wa kamera.

Tundu hilo lilitobolewa ukutani kwa sababu hapakuwa na njia ya kupita juu ya dari, na hali hiyo imo katika majengo mengi ya umma. Dari ni la jipsamu lililopigiliwa kwenye blandaring nyembamba, paa lina mteremko mdogo, na mlango wa kupandia haukuwekwa. Majengo mengine yana zege juu badala ya kenchi. Wapo mafundi wanaokata jipsamu ili wapande. Mguu ukikosa ubao, unatokea darasani, na gharama ya kuziba dari hushinda bei ya kamera. Ni haki kusema pia kwamba nafasi ya juu ya dari husifiwa kupita kiasi. Chini ya bati mna joto kali, na panya hutafuna waya mahali ambapo hakuna atakayeona. Waya uliopitishwa nje vizuri hukaguliwa na yeyote mwenye macho.

Njia bora ya nje huanzia chini ya upenu. Waya hupitishwa ndani ya paipu ya plastiki ya kufungia nyaya za umeme, ikishikiliwa kwa vibanio kando ya fisha bodi au kwenye kona ambapo ukuta hukutana na paa. Hapo jua halipigi moja kwa moja, mvua haifiki kwa urahisi, na mkono wa mpita njia haufiki kabisa. Waya unaoachwa wazi juani uwe ule uliotengenezwa kwa matumizi ya nje. Waya wa ndani hupasuka ganda. Aidha, msimamizi adai waya wa shaba halisi. Sokoni upo waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao ni rahisi, lakini hupoteza nguvu ya umeme njiani na kamera ya mbali huanza kuzimika usiku taa zake zinapowaka.

Kamera zinazopokea umeme na kupeleka picha kwa waya mmoja wa mtandao ndizo zinazofaa majengo ya aina hii, kwa kuwa tundu ni moja na waya ni mmoja. Urefu wa waya huo usizidi mita 100 kutoka kwenye swichi hadi kwenye kamera. Pale waya unapoambatana na nyaya za umeme wa kawaida, uachwe umbali wa sentimita 20 hadi 30. Ukilazimika kuvuka, uvuke kwa pembe mraba. Kati ya jengo na jengo, kwa mfano kutoka ofisi ya mwalimu mkuu hadi bweni, waya wa shaba usipitishwe hewani. Radi inayopiga karibu huufuata na kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Pahali hapo patumike waya wa nyuzi za kioo au vifaa vya kurushia mawimbi.

Sasa kuhusu tundu lenyewe. Ukuta wa tofali la inchi 6 pamoja na plasta za pande mbili huhitaji keketa ndefu, ya sentimita 30 au zaidi. Keketa ishikwe ili upande wa nje wa tundu uwe chini kuliko upande wa ndani. Isipite kwenye lenta wala nguzo, na isitobolewe juu au chini ya swichi na soketi kwa mstari ulionyooka, maana humo ndimo nyaya za umeme hushukia. Waya ukivutwa kabla ya kufungwa kichwa chake, tundu dogo linatosha. Kabla ya kuingia ukutani, waya uachiwe pindo linaloning'inia chini ya tundu, ili tone la maji lidondokee hapo badala ya kuingia ndani. Baada ya hapo tundu lizibwe kwa silikoni. Kazi hizi mbili za mwisho hazichukui nusu saa, nazo ndizo zilizorukwa katika zahanati ile.

Kamera ifungwe kwenye kimo cha mita 2.5 hadi 3. Ikipandishwa zaidi kwa kuhofia wezi, huonyesha kofia na vipara, si nyuso. Isielekezwe mawio wala machweo. Isisogezwe mno kwenye ukuta mweupe, kwa kuwa mwanga wake wa usiku hurudishwa na ukuta na kuifanya picha iliyobaki kuwa nyeusi. Utando wa buibui hufanya hivyo hivyo, na tiba yake ni ufagio kila wiki.

Mashine ya kurekodia ifungiwe kabatini, katika chumba ambacho mwizi hakitarajii. Kamera 4 zinazotuma megabiti 2 kwa sekunde kila moja hujaza takribani gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 itahifadhi siku 11 hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Kwa mzigo wa wati 40, betri moja ya volti 12 na saa-ampea 100, ikitumiwa hadi nusu yake, huendesha mfumo kwa takribani saa 12 umeme unapokatika.

Lipo jambo ambalo kamati za usimamizi wa vituo hazina budi kulipima kabla ya kuidhinisha fedha. Picha ya mtu ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kamera inayolinda betri isitazame mlango wa chumba cha ushauri nasaha, wala wodi ya wazazi. Mgonjwa akihofu kuonekana, hatakuja, na hasara yake ni kubwa kuliko ya betri. Bango la kuwajulisha watu kwamba kuna kamera liwekwe getini kwa Kiswahili kinachosomeka, na nywila ya mfumo ishikwe na watu wawili wanaojulikana kwa maandishi, si fundi aliyefunga.

Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Siku ya makabidhiano, msimamizi amwombe amwagie maji ndoo nzima juu ya kila tundu, kisha aingie ndani kutazama ukuta. Na kila Jumatatu asubuhi, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina katika daftari afungue picha za usiku uliopita, aone kama kamera zote zipo hai, atie sahihi. Katika zahanati ile, daftari hilo sasa liko mezani kwa muuguzi wa zamu, na mlinzi yule ndiye aliyeomba awe wa kwanza kutia sahihi.