Daktari wa Kuku: Mwulizeni Kabla Hajafungua Mkoba

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vinavyofuga kuku)



Nimeombwa niseme juu ya daktari wa kuku. Naona wengine mnacheka. Ng'ombe akiugua tunamtafuta daktari hata usiku, lakini kuku akisinzia tunasaga pilipili na shubiri, au tunafungua kapsuli ya binadamu na kuimwaga kwa maji. Halafu anapita kijana na pikipiki, mkoba mgongoni, watu wanamwita daktari. Anadunga kuku wote, anachukua pesa, anaenda. Baada ya siku chache banda ni tupu, na ukimpigia simu unaambiwa mteja hapatikani. Kwa mama aliyetegemea hao kuku kwa karo ya mtoto, hilo si jambo la kucheka.

Sasa, huyo kijana ni nani? Kenya hii si kila abebaye sindano ni daktari. Sheria ya mwaka 2011 inataka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao waandikishwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ile tunayoiita KVB. Daktari mwenyewe ana digrii, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Msaidizi ana cheti au diploma, labda kutoka AHITI ya Kabete, Ndomba au Nyahururu. Huku vijijini mtakutana na msaidizi mara nyingi kuliko daktari, na hakuna ubaya wowote, mradi ameandikishwa na yuko daktari anayemsimamia. Tena kuandikishwa peke yake hakutoshi, kwa maana leseni ya kazi hutolewa upya kila mwaka. Kwa hivyo mwulizeni kwa heshima: "Daktari, tunaomba kuona leseni ya mwaka huu, katibu wetu aandike nambari." Aliye nayo hakasiriki. Akianza kufoka ati mnamdharau, hapo mmeshapata jibu. Na yule anayewauzia dawa dukani, mwulizeni vile vile.

Kuna njia nyingine ya kumpima mtu, nayo ni kideri. Kideri huletwa na virusi na hakina tiba. Hakuna! Anayekuambia ana sindano ya kuponya kideri, mwage kwaheri. Kinachosaidia ni chanjo, na chanjo ni ya kuku wazima. Kuku aliyekwisha kuambukizwa anaweza kufa hata akichanjwa, kisha jirani wanasema chanjo ndiyo iliyomwua. Mtu wa kweli atakuambia hayo kabla ya kuanza. Atakuuliza kuku wanakula vipi, wangapi wamekufa, umeleta kuku mgeni lini. Tena hataruka kutoka boma lenye kuku wagonjwa na kuingia kwako bila kunawa mikono na kusafisha viatu. Mna haki ya kumzuia mlangoni mpaka anawe.

Angalieni pia kikasha chake. Chanjo nyingi za kuku hutakiwa kukaa kwa baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikiwa imesafiri mfukoni juani tangu asubuhi, mnalipia maji. Ikishachanganywa itumike upesi, ndani ya saa mbili hivi. Hapa kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja: chupa mara nyingi ina dozi 100 au zaidi, na mama mwenye kuku 12 hawezi kuinunua peke yake. Mkijiunga boma 8 au 10 na kuchanja asubuhi moja, gharama inagawanyika na hakuna kinachomwagwa.

Nikija kwa haki zenu, Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya huduma ya ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, na ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kwa lugha ya bandani, ulizeni bei kabla ya kazi. Someni jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ulizeni ni siku ngapi kabla ya kula mayai au nyama ya kuku waliotibiwa, kwa maana wanaokula ni watoto wenu. Dai risiti, na muandikiwe dawa iliyotumika. Bila karatasi, malalamiko yenu yatakuwa maneno tu.

Mlalamike wapi? Watu huchanganya hapa. Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, basi ofisa akikosa kuja, mwoneni mkubwa wake wa kaunti. Lakini kusimamia taaluma yenyewe kulibaki kwa serikali ya taifa. Aliyefanya kazi bila leseni, au aliyeifanya kwa uzembe, anaripotiwa kwa KVB.

Lakini haki hiyo haisemi kwamba kuku akifa daktari asilipwe. Aliyefanya kazi yake vizuri alipwe. Nanyi mna wajibu. Kuku wakianza kufa kwa wingi, toeni taarifa, na msikimbize waliobaki sokoni. Najua inauma kuacha hiyo pesa, lakini kideri hupanda matatu pamoja na kuku na kushuka kijiji kingine. Mzoga mmoja mpya, uliofungwa vizuri kwa karatasi za nailoni, unaweza kupimwa kwenye maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete, Karatina, Nakuru, Kericho au Mariakani. Ulizeni ofisi ya mifugo iliyo karibu jinsi ya kuufikisha.

Katibu afungue daftari leo: jina la mhudumu, nambari ya leseni, dawa, tarehe, pesa. Chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, basi aandike na tarehe ijayo. Sasa niko tayari kwa maswali.