Kijana aliyefunga mlango
Somo: 2 Samweli 13:1-22

Kama una Biblia karibu, fungua kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, usome mpaka mstari wa 22. Sura hii haihubiriwi mara nyingi. Ina aibu ndani yake, na watoto wanasikiliza redio. Lakini watoto wamekwisha kusikia mambo kama haya kwenye simu, na afadhali wayasikie pia kwa mchungaji.

Habari yenyewe mnaijua. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa mfalme Daudi, anamtamani Tamari, dada yake kwa baba. Analala kitandani akijifanya mgonjwa. Binti anakuja kumpikia mikate, anamletea mkononi, naye anamkamata. Binti anakataa, anamsihi, anamtafutia hata njia nyingine ya kutoka. Hakusikilizwa. Akiisha kumharibu, Amnoni anamchukia na kumfukuza.

Leo nataka tuhesabu watu. Yonadabu, binamu yao, mtu mwenye akili nyingi, ndiye aliyetunga ule ugonjwa wa uongo. Mfalme mwenyewe ndiye aliyetuma neno kwa Tamari kwamba aende kumpikia kaka yake. Watu waliokuwa chumbani waliambiwa watoke, wakatoka wote, hata mmoja hakuuliza kwa nini. Kisha kuna yule kijana mtumishi. Aliambiwa amtoe binti nje na kufunga mlango nyuma yake, akafunga. Absalomu akamwambia dada yake anyamaze, kwa kuwa ni kaka yake. Daudi akapata habari yote, akakasirika sana, na andiko halituambii kwamba alifanya kitu. Aliyelala na Tamari ni mmoja, lakini nyumba nzima ilishika kipande.

Sasa nije kwa swali ambalo watu wanauliza kila tunapozungumza juu ya waimbaji na watu wa sinema wa Marekani wanaoshtakiwa. Wanasema: "Mchungaji, mambo ya miaka 20 iliyopita, hao wanawake walikuwa wapi wakati wote?" Nitajibu kwa mtu mmoja tu, R. Kelly wa Chicago, kwa sababu wengi wenu mmeimba wimbo wake wa mwaka 1996 juu ya kuruka, kwenye sherehe za shule na hata kwenye harusi zetu.

Mwaka 1994 R. Kelly alikuwa na miaka 27. Alifunga ndoa na mwimbaji Aaliyah, aliyekuwa na miaka 15. Ndoa ilifungwa katika chumba cha hoteli karibu na Chicago, na karatasi zilisema binti ana miaka 18. Miaka 27 baadaye, mtu aliyekuwa akisimamia safari za mwimbaji huyo alieleza mbele ya mahakama kwamba alimpa mfanyakazi wa serikali dola 500 ili kupata kitambulisho kwa ajili ya binti yule. Na aliyewafungisha ndoa, wapendwa, alikuwa mhudumu wa dini. Naye aliitwa mahakamani kusema alichoona. Simhukumu, karatasi aliyopewa ilisema 18. Lakini sisi wachungaji tunaofungisha ndoa Jumamosi tatu kwa mwezi, tujifunze kutazama uso wa bibi arusi pamoja na kadi ya uchaguzi anayotuletea.

Wanawake walikuwa wapi? Mwaka 1996 mmoja alikuwa amekwisha kumpeleka mahakamani, akisema mambo hayo yalianza alipokuwa na miaka 15. Yule mwimbaji akalipa fedha, mambo yakaisha kimya. Desemba 2000 gazeti moja la Chicago likaandika waziwazi. Mwaka 2002 akashtakiwa kwa sababu ya video iliyomwonyesha, walisema, pamoja na msichana mdogo. Kesi ikangoja miaka 6. Na mwaka 2004, akiwa bado anaingoja, alitoa albamu mbili kwa pamoja: moja ya kucheza, nyingine ya nyimbo za Mungu na wokovu. Watu wakanunua. Ninyi mnaopima upako kwa machozi ya mtu akiimba, mkumbuke mwaka huo.

Juni 2008 mahakama ikamwachilia huru. Msichana wa ile video hakuja kutoa ushahidi. Yeye na wazazi wake walikuwa wamekana kwamba ni yeye. Alikuja mwaka 2022, mwanamke wa miaka 37, akakaa mbele ya mahakama ya Chicago akasema: ndiye mimi, nilikuwa na miaka 14, zamani nilisema uongo. Fikiri huyo mama amebeba nini kutoka miaka 14 mpaka 37. Anayeuliza alikuwa wapi, jibu ni kwamba alikuwa upande wa nje wa mlango uliofungwa, kama Tamari, na wakubwa wakimwambia anyamaze.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2021, mahakama ya Brooklyn ilikuwa imekwisha kumkuta na hatia kwa mashtaka yote 9. Mashahidi wa upande wa mashtaka walikuwa zaidi ya 40. Na nataka mwelewe ni sheria gani ilitumika. Ni sheria ya mwaka 1970 iliyotungwa dhidi ya magenge ya wahalifu. Waendesha mashtaka walionyesha kwamba mtu mmoja hawezi kufanya mambo hayo miaka karibu 30 akiwa peke yake. Kulikuwa na mameneja, walinzi, madereva, wasaidizi. Mmoja anampa msichana namba ya simu baada ya tamasha. Mwingine anapanga safari. Mwingine analinda mlango. Kila mmoja alipokea mshahara wake, na labda kila mmoja alijiambia kwamba yeye anaendesha gari tu. Alipewa miaka 30, na baadaye Chicago miaka 20, karibu yote ikitumikiwa pamoja na ile ya kwanza. Rufani zake zilikataliwa.

Lakini pale Brooklyn alisimama mshtakiwa mmoja tu. Chicago walishtakiwa pia watu wawili waliowahi kumfanyia kazi, mahakama ikawaachilia, nasi tunaheshimu hukumu hiyo. Mahakama inatazama kilichothibitishwa. Yule kijana wa Amnoni hata jina lake hatulijui, wala hakuna mtu aliyemwita kumuuliza. Ninaamini Mungu analijua.

Tusiende mbali tena, turudi hapa kwetu. Mwimbaji mkubwa wa injili anakuja kwa kampeni, tunamweka hotelini. Saa mbili za usiku mama mmoja wa kamati anamwambia binti wa kwaya: "Nenda umpelekee mtumishi wa Mungu chakula." Soma tena mstari wa 7. Tamari alitumwa vilevile, na chakula, na mtu aliyempenda. Au kuna produza mwenye studio, anayemwambia msichana kwamba sauti yake ni nzuri, klipu itafanyika bure, aje peke yake jioni. Nani alimpa produza namba ya msichana? Mara nyingi ni prezida wa kwaya, na alifikiri anamsaidia.

Kuna wanaosema tusimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Mimi nasema, fungua sura ya 12, moja tu kabla ya hii. Daudi alikuwa mpakwa mafuta kuliko mwimbaji yeyote unayemjua, na Nathani aliingia kwake na kumwambia dhambi yake usoni, mke wa mtu na damu ya mumewe. Nathani hakupigwa na radi. Mimi nafikiri Daudi alinyamaza juu ya Amnoni kwa sababu hiyo hiyo: baba aliyefanya vile na Bathsheba, atamwambia nini mtoto wake?

Wengine watanipigia simu: "Na Yusufu je? Si alisingiziwa na mke wa Potifa?" Kweli, alisingiziwa. Lakini angalia nani alikuwa mkubwa katika nyumba ile. Yusufu alikuwa mtumwa, aliyemsingizia alikuwa bibi wa nyumba, na hakuna aliyechunguza. Kwa ajili ya Yusufu na kwa ajili ya Tamari, tunahitaji kitu kimoja: kuchunguza bila kutazama cheo. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba shtaka juu ya mzee lisipokelewe bila mashahidi wawili au watatu. Mstari huo, 1 Timotheo 5:19, tunaujua kwa moyo. Wa 20 unaoagiza mwenye kudumu katika dhambi akemewe mbele ya wote, huo tunauruka.

Na tuache mapatano ya nyumbani. Familia mbili zinakaa, mbuzi wawili wanatolewa na dola kidogo, mzee wa kanisa anaomba, na binti anaambiwa asamehe. Wakati mwingine anaozwa kwa yule yule. Sheria ya nchi yetu ya Julai 2006 inaita jambo hilo kosa la jinai, na inaongeza adhabu kwa mwenye mamlaka aliyetumia cheo chake, mhudumu wa dini akiwemo. Chini ya miaka 18 hakuna ndoa. Msamaha ni wa binti kuutoa siku Mungu atakapompa nguvu, na hauzuii hakimu kufanya kazi yake.

Kwa hiyo, kwa makwaya yanayotusikiliza: mgeni wa kampeni atapelekewa chakula na wababa wawili wa kamati. Namba za simu za mabinti hazitolewi kwa mtu yeyote bila mzazi kujua. Anayekwenda studio aende na mama yake au shangazi, na mlango ubaki wazi.

Na likitokea, usimwoge mtoto, usifue nguo zake, usiite kwanza kikao. Mpeleke hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi haifanyi kazi baada ya hapo. Walio Bukavu wanajua Panzi, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, ambako daktari Mukwege, mtoto wa mchungaji, amewatibu wanawake maelfu. Mama mmoja wa kanisa aende naye, akae naye mpaka arudi, na asimuulize alikuwa amevaa nini.

Sasa tusimame tuombe. Tuanze na mabinti.